Kilo Sitini za Karoti

Alfajiri, Almaty ingali na barafu kwenye vioo,
tunapakia magunia garini, mimi na mama.
Muuzaji sokoni alimuuliza: harusi au msiba?
Mama akajibu: maonyesho.
Akapunguziwa bei, kwa huruma.

Ukumbini meza ni ya mita kumi na mbili, nyeupe pe.
Mama, Rimma Ogai, miaka sitini na mitatu,
mhandisi mstaafu wa mabomba ya maji,
anajifunga aproni ileile ya jikoni kwetu
na kukata. Hatumii kikwaruzo. Kisu tu,
uzi kwa uzi, kila siku kuanzia alipoishia jana,
hata meza ikawa kalenda:
huku rangi inawaka, kule imesinyaa,
na mwanzoni kabisa, karoti za Jumatatu
zimekuwa kamba za viatu vya mtu aliyetembea mno.

Hakubandika maelezo ukutani.
Kaweka siki, vitunguu saumu, giligilani,
na mafuta yanayochemka kwenye jiko dogo la umeme
(mlinzi alilikataa; harufu ilipomfikia, akanyamaza).

Bi Hwang Eun-byeol alikuja kutoka Seoul na daftari.
Akaizunguka meza mara mbili.
Akasema kwa adabu, kupitia mkalimani:
"Kwetu Korea hatuna chakula hiki."
"Najua," mama akasema, kisu hakikusimama.
"Kabichi ilibaki huko."

Basi.
Mimi ndiye niliyewashwa ulimi:
behewa la ng'ombe, mwaka wa thelathini na saba,
bibi yangu, mtoto wa miaka mitatu,
mgongoni mwa mtu tusiyemjua jina;
nyika isiyo na mti wa kufungia kamba ya nguo;
mashimo waliyochimba wakalala humo kama viazi;
mama wa Kikazaki aliyeacha mkate mlangoni,
akaenda zake bila kungoja asante.

Husemwa, mwacha mila ni mtumwa.
Na aliyeachwa na mila kituoni, usiku, bila tikiti,
huyo aitweje?
Sisi tuliiokota nyingine shambani,
ingali na udongo.

Kijana wa gazeti aliandika neno "utambulisho" mara saba.
Mama akaniuliza maana yake.
Nikamwambia: ule mstari wa tano wa pasipoti ya zamani.
"Aa. Ule walikuwa wakiujaza wao."

Siku ya tisa Bi Hwang alirudi, mkalimani hakuja.
Akaketi. Akala. Pilipili ikamkaba, akakohoa hadi machozi.
Mama akamwambia neno moja, la kaskazini, la bibi,
neno ambalo sijawahi kuliona limeandikwa.
Wakacheka wote wawili.
Sijui kama walicheka jambo moja.

Tumeifuta meza kwa sabuni, kwa ndimu, kwa dawa kali.
Wenye ukumbi wameipaka rangi mara tatu.
Machungwa yale bado yanachungulia.

Nyumbani, usiku, bakuli la mwisho.
Binti yangu Saltanat, ambaye baba yake ni Mkazaki,
anamimina mayonezi juu, nyingi, bila haya.
Nashika pumzi.
Mama anaazima kijiko chake,
anaonja, anafumba jicho moja.
"Imepungua chumvi," anasema.