Uzi Usiogusa

Saa nane usiku, Elgoibar. Rasharasha juu ya bati,
na mto Deba unapita nyuma ya karakana
bila kuuliza habari.
Uzi umekatika tena. Mara ya tatu.

Kipande ni alumini iliyokandwa na punje za kauri,
kama wali wenye mchanga.
Umeme unaijua alumini. Kauri hauijui.
Ukifika kwenye punje unasitasita,
cheche zinarundikana mahali pamoja,
na uzi wa shaba njano, mwembamba kama singa ya farasi,
unaungua, unaachia.

Baba yangu Baltasar alikuwa mtu wa tupa.
Miaka thelathini na minane kule Eibar:
mitutu ya bunduki, kisha cherehani
bunduki zilipokosa wateja.
Alipoenda kupiga dole gumba kwa ajili ya kitambulisho
wino ulitoka doa tupu.
Chuma kilikuwa kimemla alama zote.

Nilimleta hapa mara moja, ana miaka themanini na mmoja.
Akachungulia kioo, akaona maji, akaona mwanga wa buluu.
"Huo uzi unagusa wapi?"
Haugusi.
"Basi unakataje?"
Nikamweleza: cheche inachimba kishimo kisichoonekana,
maji yanazoa unga, inakuja cheche nyingine.
Akanyamaza, kofia mkononi.
"Kama mama yako," akasema, "akininunia."

Beñat wa zamu ya mchana angeongeza mkondo.
Mimi naupunguza.
Narefusha kimya kati ya cheche na cheche,
sehemu ya sekunde isiyo na jina nyumbani kwetu,
maji yapate kutoka na uchafu wao.
Konokono wa ukutani atanipita. Apite.

Nafunga uzi mpya. Unapenya tunduni,
unatumika mara moja, unaanguka pipani
umejaa vidonda.
Ijumaa tunauuza kwa kilo; pesa ni ya kahawa.

Saa kumi na moja kasoro dakika
kiini kinajitenga. Nakidaka kwa koleo kabla hakijaanguka.
Hakina joto. Ukingo wake ni wa kijivu,
kama kioo kilichopuliziwa pumzi.
Napitisha dole gumba langu, lenye alama zote,
nikitafuta pale uzi uliponikatikia.

Mistari mitatu. Beñat hataiona.
Baba angeijua akiwa amefumba macho.