Hesabu ya Theluji

Dada yangu Amongin alituma laki tatu
kutoka Lesta, anakolisha wazee wa watu kwa kijiko.
"Wapeleke watoto," alisema, "waione Krismasi
kama wanavyoiona watoto wa huku."

Laki tatu. Usiku kucha nilizigeuza kichwani
kama chapati kwenye kikaango:
upande huu kuku wawili na mkungu mzima wa matoke,
upande huu karo ya Odeke, na viatu,
kwa maana vya sasa vinacheka mbele.
Lakini pesa ya kutumwa ina amri yake.
Ikiagizwa theluji, haikubali kununua nyama.

Tukashuka kutoka Walukuba kwa miguu, kuokoa nauli,
hadi ile hoteli ya ukingoni mwa mto.
Langoni wakatufunga utepe mkononi
kama wagonjwa waliolazwa.
Mtu mzima elfu sitini. Mtoto elfu themanini,
kwa kuwa mtoto ndiye anayeamini.

Theluji ilikuwa povu.
Ilitapikwa na mashine, ikinuka sabuni ya unga,
saa nane mchana, jua la Jinja limetukalia mabegani.
Kulungu wa kaskazini walikuwa mbuzi wawili
waliofungwa matawi ya mpera vichwani,
na mmoja alikuwa anamla mwenzake pembe.
Odeke alicheka mpaka akaketi kwenye povu.

Kisha umeme ukakatika
na theluji ikakoma.
Kijana wa kipaza sauti akaomba radhi bila kipaza sauti:
jenereta inatafutiwa mafuta, theluji itaendelea.
Nimewahi kungoja mvua. Mvua haina tiketi.

Kwenye foleni, mama mmoja Mwingereza, shingo imemwiva,
alinigeukia akasema kwao ni vivyo hivyo:
matope, foleni, mtoto analia, maegesho unalipia,
na kila mwaka anaapa hatarudi tena.
"Na huku umefuata nini?" nikamuuliza.
Akawatazama wanawe, hakujibu.

Ikafika zamu ya Akiteng.
Joho jekundu, ndevu za pamba,
jasho likining'inia kwenye ncha ya pua.
Mwanangu hakutazama uso. Alitazama gumba,
gumba la kushoto lenye kovu la moto wa kuchomelea,
akainama karibu:
"Shikamoo, fundi Wandera."

Baba Krismasi alinyamaza.
Kisha, chini chini, ndani ya pamba:
"Marahaba. Ule mlango wenu, unafunga vizuri?"
"Unafunga. Komeo tu linakwaruza."
"Nitapita Jumatatu."
Akampa penseli tatu na kifutio chenye umbo la nyota,
akapiga kicheko chake cha kulipwa, mtoto mwingine akaja.

Njiani Akiteng alinivuta kando.
"Odeke usimwambie, bado mdogo.
Na mama Amongin usimwambie. Yeye ndiye aliyelipa."
Ana miaka tisa. Sijui nani alimfundisha
kutunza mshono wa jambo lililokwisha chanika.

Usiku Amongin akapiga. "Haya, ilifaa?"
Nikamrudishia swali: "Ya huko ikoje?"
Simu ikavuma kidogo.
"Sijui, dada. Siku hizo huwa niko zamu.
Likizo wanapewa wenye watoto."

Basi nikampa theluji. Nikaiongeza,
nikaifikisha magotini, nikaificha sabuni,
ila mbuzi nilimpa kama walivyokuwa,
na pembe, na kutafunwa kwa pembe.
Akacheka, akakohoa, akacheka,
nikasikia mtu nyuma yake akimwita kwa Kiingereza,
naye asiende.

Jumatatu Wandera alikuja na kopo la grisi.
Nyuma ya sikio lake kulikuwa na uzi wa pamba.
Akiteng akampelekea chai, akamwita fundi
mbele ya Odeke, bila kupepesa jicho.