Mawe ya Redio

Jumapili baba anaanika mawe ya redio juu ya bati,
kisha anaibana redio sikioni, kalamu mkononi:
Papa amesema nini juma hili?
Daftari la saba sasa.
Neno asilolisikia vizuri
analiachia nafasi.

Mama hana nafasi.
Anachana kurasa, anazisokota ziwe pembe,
anatia karanga, faranga mia mbili mia mbili,
sokoni Kadutu.

Jana mwenye bunduki alinunua moja.
Alitafuna akisoma, midomo ikisogea
— *silaha haijui kulea, silaha* —
akageuza karatasi. Nyuma kweupe.
“Mama Cirhuza, hii imeishia wapi?”

Mama akapangusa chumvi vidoleni.
“Mawe yaliishiwa moto.”

Yule akasimama kidogo, akaenda zake,
karatasi mfukoni,
karanga zimekwisha.