Kikohozi Upande wa Pili

Wasemao mtaka cha mvunguni sharti ainame
hawajapandisha kinanda orofa ya tatu.
Kile chetu kilikuwa na uzito wa ng'ombe aliyegoma kutembea.
Watu wanne, ngazi za chuma, theluji ya Buffalo magotini,
na Verdell Stokes nyuma akisema pole,
hatujui kama anatuambia sisi au anakiambia kinanda.
Mimi nilikuwa mpiga ngoma wake miaka kumi na mmoja.
Mgongo wangu unakumbuka kuliko kichwa.

Mpiga besi hatukuwa naye.
Besi ilikuwa mguu wake wa kushoto
ndani ya soksi ya sufi iliyotoboka kidole gumba,
ukitembea juu ya mbao taratibu
kama mtu anayetafuta swichi gizani
na hataki kuamsha nyumba.

Alijifunzia kwa wafu.
Ana miaka kumi na miwili, chumba cha mazishi cha Bwana Gadsden,
senti hamsini kwa kila jeneza.
Huko ndiko alikojua kushikilia noti moja
mpaka mjane amalize kulia,
na asizidishe hata pumzi.
Mama yake, Bi Arletha, alipoambiwa mwanao sasa anapiga baa,
alisema: tofauti ni ndogo, ila wa baa wananuka zaidi.

Kisha akanunua gari la maiti la Gadsden, pazia zake za zambarau na yote.
Kinanda kililala nyuma, kimefunikwa blanketi.
Rochester, Erie, Youngstown, Dayton,
watu walivua kofia tukipita.
Usiku mmoja, Ohio, polisi alitusimamisha,
mkono kiunoni, tochi usoni kwetu: nani amekufa?
Mikono yetu yote sita ilikuwa juu ya paa la gari, inaganda.
Verdell akajibu polepole, kwa sauti ya kanisani:
hajafa, bwana, amepumzika tu.
Hatukucheka mpaka Pennsylvania.

Santuri ya kwanza tuliirekodi kati ya kifungua kinywa na saa nane.
Dola arobaini na moja kila mtu, na mkate wenye nyama.
Kwenye jalada wakaweka mwanamke tusiyemjua
ameshika paja la kuku,
na jina wakaandika Vernell.
Alinunua nakala kumi kwa pesa yake,
akazisahihisha kwa kalamu, moja baada ya nyingine.

Ya pili ina ule wimbo wa polepole,
"Arletha Anaosha Vyombo".
Katikati aliinua mikono yote miwili,
akauacha mguu peke yake, spika ikizunguka ndani ya kabati lake,
na hapo ndipo nilipokohoa.
Mara moja. Mafua ya Februari.
Fundi mitambo, Lindquist, akanyoosha kiganja: tusimame.
Verdell akaendelea. Baadaye akasema,
iacheni, amekohoa ndani ya mdundo.

Ya tatu ililowa. Bomba lilipasuka Camden,
kanda zikaelea ghalani, na kampuni ilikuwa imeshakufa.
Sikumbuki wimbo hata mmoja.
Nakumbuka tu kwamba siku ile alivaa viatu.

Halafu vikaja vinanda vya kubeba kwapani.
Akawa mlinzi wa shule, akafagia theluji ya watoto wa wengine.
Gari lililomzika lilikuwa la kukodi,
jipya, halina mlio wowote.

Majira ya baridi yaliyopita niliingia duka la viatu.
Kumbe vijana fulani, sijui wa wapi,
wamekata vipande viwili vya wimbo ule wakaviunganisha duara:
mguu, mguu, mguu, kikohozi.
Mguu, mguu, mguu, kikohozi.
Muuzaji alikuwa akitikisa kichwa.
Nilifungua kinywa nimwambie,
nikaomba namba kumi na moja, pana,
nikabaki nimesimama na soksi zangu juu ya zulia lao,
wa kushoto umeshaanza.