Akiba ya Mshono

Februari ya Moshi haina huruma, ila ina wateja:
sare thelathini na mbili za shule,
kola, mifuko, vifungo,
hadi saa sita na nusu cherehani imenila asubuhi yote
na raba zangu chini ya meza
zinanitazama kama mdai.

Nikasema, kilomita kumi na nne tu.
Msitu wa Rau, kisha tuta la mfereji mpaka Chekereni,
nigusie reli, nigeuke.
Ndeonasia akapiga simu: "Jua hili? Si usubiri jioni?"
Nikamjibu kwa majivuno ya mtu wa miaka arobaini na tatu
aliyegundua juzi kwamba ana mapafu.

Msituni mambo yalikuwa mepesi.
Mivule imenishikia kivuli,
kima mmoja akanitukana kutoka juu,
mizizi ikija mguuni kwa adabu, mmoja mmoja.
Nikatoka upande wa pili
na jua likanipokea kwa kofi.

Kule hakuna mti.
Kuna mpunga, kuna vumbi laini kama unga wa ulezi,
na Mlima nyuma ya mgongo wangu
umejitanda wingu hadi usoni,
hautaki kuitwa shahidi.
Chupa ya nusu lita iliisha kilomita ya nne.
Nikalamba kizibo.

Mwili ukidanganya, hudanganya kwa upole.
Kwanza jasho lilinichoma macho, nikalilaani.
Kisha halikuwepo.
Nikafurahi! Nikadhani nimezoea.
Kisha malaika ya mikono yakasimama:
baridi, saa nane mchana,
baridi ya Kibosho alfajiri ya Julai,
nami bado nakimbia, reli ile pale,
chuma kikicheza ndani ya mvuke,
mita mia sita, labda mia tano,
na nani hugeuka zikibaki mia tano?

Nilisimama.
Wala si kwa hekima. Mguu wa kushoto ulikwenda kwao
nami nikabaki nikiushangaa.

Mwanamke mwenye buti za mpira alikuwa akizibua lango la maji.
Aliniangalia kama niangaliavyo kitambaa
kabla sijakitia mkasi.
"Wewe huna jasho. Ingia."
Nikasema, nasikia mfereji huu una kichocho.
"Kichocho kina dawa hospitali. Jua hili halina. Ingia."

Jina lake Nakijwa.
Zamu yake ya maji ilikuwa mpaka saa tisa kamili,
na kwa dakika arobaini maji yake
yalipita kwanza juu ya mabega yangu
ndipo yakaenda kwenye mpunga.
Hakunihubiria. Alilima, akasonya redioni timu yake ilipofungwa,
akanirushia chumvi iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti
na chungwa.

Mle ndani, matope yakinipanda soksini,
nikakumbuka suruali ya kwanza niliyoharibu,
ya mwalimu Kisamo.
Niliikata sawasawa na kipimo, bila akiba ya mshono,
nikajisifu sikupoteza hata uzi.
Ilimkaa vizuri sana
mpaka alipoinama kuokota chaki.

Jumamosi hii tunapanda Uru,
saa kumi na moja alfajiri, lita mbili mgongoni.
Ndeonasia ataniuliza tutafika wapi.
Zamani ningemtajia mahali.

Reli sikuigusa. Nisiwadanganye, inaniuma bado.
Jioni nikikaribia kufunga, huwa naiona,
mita mia tano,
nami nachukua chaki, nachora mstari wa kipimo,
kisha mwingine, vidole viwili nje yake,
na mkasi naupitisha
kwenye ule wa nje.