Safu ya Nne

Kwenye fomu yangu safu ya nne ni nyembamba.
Imeandikwa *Dini*, na nafasi iliyobaki
yatosha herufi nane, kwa mwandiko wangu wa kubana.
*Mkristo* huingia. *Mwislamu* hujikunja, huingia.

Droo ina vitabu viwili.
Kimoja kimepoteza jalada, na Mwanzo yote hadi safina.
Cha pili kimefungwa kitambaa cheupe
alichokiacha mzee Shamte wa baraza siku aliyostaafu.
Miaka kumi na tisa, hapa Kayenze,
naviinua, navishusha.
Nimeona midomo ikibusu kisha ikidanganya
mate hayajakauka.

Shahidi wa tatu, kesi ya mizani ya dagaa:
Kwandu Luhende, mwanikaji.
Harufu ya kazi yake iliingia kwanza, yeye akafuata.

“Dini yako, mama?”
“Naomba.”
“Unaomba wapi?”
“Nyumbani. Alfajiri. Unga wa mtama na maji.
Nawataja masamva wangu, mmoja mmoja,
mpaka jua lichomoze upande wa Magu.”

Mshtakiwa akacheka kwa pua.
“Huyu hana dini, mheshimiwa.
Ataapa kwa nini, kwa ndoo yake?”

Hakimu ni kijana, wiki yake ya pili kwetu,
bado anafuta kiti kabla ya kukaa.
“Sijamwuliza anapiga magoti wapi,” akasema.
“Nataka kweli tu. Karani, athibitishe.”

Nikasoma kile kikaratasi kilichobandikwa ubavuni mwa droo,
ambacho mwaka mzima hakijaniona:
*Nathibitisha kwa dhati kwamba nitakayoyasema…*
Naye akarudia neno kwa neno, polepole,
kama mtu anayehesabu pesa za mwenzake.

Kisha akanigeukia.
“Na wewe, mwanangu, unayetuapisha kutwa,
wewe uliapa kwa nani?”

Watu wakaangua kicheko.
Mimi nikaitafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwangu.

Jana usiku ndugu wa mwenye mizani alipita kwangu.
Ya kesi hakuyagusa. Aliuliza hali ya watoto,
akasifu bati jipya,
akaacha sato wawili mlangoni, wanene, ndani ya mfuko.
Na jiwe lile la kilo, lililotobolewa chini
likashindiliwa risasi,
limo kabatini, na ufunguo ninao mimi.
Vielelezo hupotea. Panya, mvua, ukaguzi.
Nani amewahi kufungwa kwa jiwe lililopotea?

Mama anasema:
“Ndoo hii nimeibeba miaka thelathini.
Shingo yangu inaijua kilo kuliko jiwe lake.”
Anasema hivyo bila kupandisha sauti,
mikono yote miwili juu ya kizimba,
mitupu, haijashika kitabu chochote,
na sijui kwa nini ndiyo niliyoitazama.

Safu ya nne bado nyeupe.
*Hana* ingeenea vizuri, lakini ni uongo.
*Mila*, nikaandika, nikafuta; karatasi ikachubuka.
Mwishowe, juu ya mchubuko, nikaandika alichosema mwenyewe:
*Anaomba.* Herufi saba.

“Kielelezo namba moja,” hakimu akaita.

Nikasimama na ufunguo.
Kiganja kilikuwa na jasho.
Nyumbani, saa hiyo,
sato mmoja alikuwa keshakaangwa.