Sura ya Saba

Saa tisa usiku nimeamka tena kutazama nambari.
Umeme umekatika Kisauni nzima,
simu imebakiwa na chaji asilimia kumi na moja
nami naimaliza kwa kuuliza mimi ni wa ngapi.
Wa elfu arubaini na nane, mia tatu na sita.
Jana nilikuwa wa elfu tisa.
Sikuiba hapo katikati, sikumtukana mtu.
Nimeporomoka tu, kimya kimya,
kama chokaa ya ukuta wa chooni.

Nikiri: ile elfu tisa niliitengeneza mwenyewe.
Nilinunua nakala moja ya kitabu changu
kwa kadi ya shemeji,
nikapanda ngazi elfu thelathini kabla ya adhuhuri,
nikajinunulia na biriani.

Wasomaji wa kwanza nawajua kwa majina.
Mwalimu Chengo kasoma na kalamu nyekundu:
"Ukurasa wa mia na kumi, Mwinyihaji anakataa chai.
Ukurasa wa pili yake anarudisha kikombe kitupu.
Chai kaimwaga wapi?"
Shufaa, muuguzi wa zamu ya usiku,
kaniletea sauti ya dakika sita,
nne katika hizo ni za jalada:
mbona mwanamke yule hana shingo?
Fumo, aliyenipigia chapa pale Bondeni,
asema kitabu ni kizuri, kizuri sana, wallahi,
na salio langu ni shilingi elfu kumi na mbili.

Hao nimewazoea. Hunisema nikiwepo.
Ila yuko mmoja, hana jina, hana sura,
kaacha nyota mbili na maneno haya:
"Mama anakufa upesi mno sura ya saba.
Nadhani mwandishi alitoka chumbani."

Nyota mbili.
Kwetu nyota ya mtu hutazamiwa akizaliwa,
haingoji mpita njia aje aihesabu.

Siku mbili nilimjibu kichwani,
bafuni, kwenye foleni ya feri, katikati ya swala.
Nikamwita hasidi. Nikamwita asiyejua fasihi.
Nikaandika jibu refu, nikalifuta,
nikaliandika fupi, likawa baya zaidi.

Siku ya tatu, nikikwangua masizi ya sufuria,
nikakumbuka kwamba kweli nilitoka.
Wodi ya nne, Makadara. Nilikwenda kununua maji.
Duka liko mlangoni. Nilikwenda la mbali.
Nikasimama kusoma vichwa vya magazeti, yote,
hata la juzi.
Niliporudi walikuwa wamekwisha kumfunika
na chupa mkononi bado ina baridi.

Sikumwambia mtu.
Kajuaje huyu wa nyota mbili?

Mama alikuwa akiuza achari ya ndimu, Majengo.
Mteja akirudi na kopo,
"Bi Mwanakhamisi, leo ina chumvi,"
hakumwapiza, hakumtajia waliosifu.
Alichovya kidole, akalamba, akafumba jicho moja.
Mara nyingine alisema, "Ulimi wako una homa, mwanangu."
Mara nyingine alilipokea kopo bila neno
akalirudisha paani, juani.
Sikumsikia hata siku moja akiuliza
achari yake ni ya ngapi Mombasa.

Basi chai ya Mwinyihaji nimeimwaga dirishani,
Mwalimu ana haki.
Shingo ya jalada itabaki vivyo hivyo,
ulimi wa Shufaa una homa.
Nakala mia mbili na sabini zimo uvunguni,
zimekwisha kosea, nazo sitazichoma.
Sura ya saba nimeifungua upya.

Nimeingia wodini. Nimeketi.
Kiti ni cha plastiki, mguu mmoja mfupi.
Mama anaomba maji.
Simu imezimika, sijui sasa mimi ni wa ngapi.
Naandika kwa mshumaa,
na hadi adhana ya alfajiri
nimepata mstari mmoja tu:
chupa ilikuwa chini ya kitanda chake, tangu asubuhi, imejaa.